Mwendo wa Johannesburg hadi London: Umbali Uleule, Muda Tofauti



Miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema limo neno "mwendo". Hulipata kwanza katika maana ya namna ya kwenda, kisha huliacha akidhani amelimaliza. Hajalimaliza. Muulize mzee wa kijijini ni umbali gani kutoka hapa hadi kijiji cha pili, naye pengine hatakutajia kilomita. Atakuambia kwamba ni mwendo wa nusu saa, au mwendo wa siku mbili. Kwake umbali na muda havitenganishwi. Neno hilohilo hutaja pia tabia ya mtu: mwenye mwendo mzuri ni yule anayejua kuishi na wenzake. Maana hizi tatu, yaani umbali, muda na namna ya kuishi na watu, tutazihitaji zote katika somo la leo, ambalo linahusu viwanja viwili vya ndege vilivyo mbali sana kimoja na kingine: cha Johannesburg, Afrika Kusini, na cha London, Uingereza.

Chukua tufe la dunia na uzi. Bana ncha moja ya uzi Johannesburg na nyingine London, kisha ukaze. Ukiupima uzi huo kwa kipimo cha tufe utapata takriban kilomita 9,070. Utaona pia kwamba unapita juu ya Kongo, unalikata jangwa la Sahara, kisha unavuka Bahari ya Kati na kuingia Ulaya. Ndege ya kisasa huimaliza safari hiyo kwa muda unaokaribia saa 11 bila kutua popote.

Kilomita hizo 9,070 hazijabadilika tangu miji hiyo miwili ijengwe. Muda wa safari umebadilika mara nyingi, tena haukupungua siku zote. Ulipungua, ukaongezeka, kisha ukapungua tena. Kupungua kwake ni kazi ya wahandisi. Kuongezeka kwake ni habari ya majirani, na kwa sababu hiyo somo hili lina nafasi yake katika mfululizo wetu wa nchi jirani.

Njia iliyofuata bendera

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki kutoka kiwanja cha Croydon, London, hadi Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka uliofuata njia hiyo ilirefushwa hadi Cape Town: barua zilianza kusafirishwa Januari 1932, na abiria wakaanza kupokelewa kwa njia nzima mwezi Aprili.

Safari yote hadi Cape Town ilipangiwa takriban siku 11. Abiria wa Johannesburg waliteremka karibu na mwisho wake. Ndege haikuruka usiku kucha. Iliruka mchana, ikatua kutia mafuta, na jioni abiria wakalala hotelini. Sehemu ya safari barani Ulaya ilifanywa kwa treni. Kutoka Misri njia ilifuata mto Nile hadi Khartoum na Juba, ikafika Port Bell nchini Uganda, kisha Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, ndipo ikaingia katika nchi ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe, na hatimaye Afrika Kusini.

Linganisha sasa majina hayo na uzi wako. Uzi haukupita Nairobi wala Dodoma. Ulipita magharibi, mbali na huko. Kwa nini basi ndege zilikwenda mashariki? Maziwa na mito ilisaidia, kwa kuwa kati ya Khartoum na Kisumu zilitumika ndege za kutua majini. Lakini sababu kubwa ilikuwa ya utawala. Kuanzia Sudan hadi kusini, karibu kila nchi iliyokuwa chini ya njia hiyo ilitawaliwa na Uingereza, au ilikuwa ndani ya himaya yake. Rubani wa Kiingereza hakuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu mwingine. Njia haikufuata uzi, ilifuata bendera.

Mwaka 1937 ndege kubwa zaidi za majini ziliichukua safari ya kusini. Ziliondoka Southampton, zikapita Kisumu, zikashuka pwani Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha zikaendelea hadi Durban. Watu wa Lindi, ambao leo hawamo katika ratiba ya ndege yoyote ya Ulaya, walikuwa kituo kwenye barabara kuu ya anga la dunia. Hawakuulizwa kama waliitaka barabara hiyo. Anga lililokuwa juu yao halikuwa lao.

Siku moja

Baada ya Vita Kuu vya Pili, ndege za nchi kavu zilichukua nafasi ya zile za majini. Novemba 1945 shirika la ndege la Afrika Kusini lilianza safari zake za Uingereza, likitua Nairobi, Khartoum na Cairo. Kisha ikaja tarehe 2 Mei 1952. Siku hiyo ndege aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria wanaolipa nauli kwa ratiba. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia.

Tazama hesabu hiyo, msomaji. Katika miaka 20 safari iliyochukua zaidi ya wiki moja ilikuwa safari ya siku moja. Entebbe, ambako kiwanja kipya kilikuwa kimefunguliwa mwaka uliotangulia, ikawa kituo cha jeti kabla ya miji mingi mikubwa ya dunia.

Maendeleo hayo yalikuwa na msiba wake. Tarehe 10 Januari 1954, ndege ileile iliyofungua njia hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo walikufa. Miezi mitatu baadaye Comet nyingine ilianguka karibu na Naples. Uchunguzi ulionyesha kwamba bati la mwili wa ndege lilikuwa likichoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa hewa kila safari, hadi linapasuka. Wahandisi walijifunza, ndege zikaimarishwa, na mwaka 1960 shirika la Afrika Kusini lilipokea ndege zake za kwanza aina ya Boeing 707. Kila mtu aliamini kwamba tangu hapo muda wa safari ungeendelea kupungua tu.

Anga ni la nani?

Hapa tusimame kidogo tujifunze sheria moja. Tarehe 7 Desemba 1944, wajumbe wa mataifa waliokutana Chicago, Marekani, walitia saini mkataba wa usafiri wa anga. Kifungu chake cha kwanza kinatambua kwamba kila taifa lina mamlaka kamili, tena ya peke yake, juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Shirika la ndege lenye safari za kawaida haliwezi kupita juu ya nchi ya watu bila idhini ya nchi hiyo.

Wewe unayeujua utamaduni wa Waswahili utaielewa sheria hii haraka kuliko wanasheria wengi. Hatuingii uani kwa mtu bila kupiga hodi. Mwenye nyumba akijibu "karibu", unaingia. Akinyamaza, unangoja; na asipojibu mpaka mara ya tatu, unaondoka. Haijalishi kwamba njia ya kupita uani kwake ndiyo fupi. Mkataba wa Chicago unazitaka ndege nazo zipige hodi.

Wakati mkataba ulipotiwa saini, sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na mlango wake yenyewe. Aliyeitikia hodi alikuwa London, Paris, Lisbon au Brussels. Uhuru ulipokuja, Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963, kila nchi ilipata bendera, wimbo na kiti katika Umoja wa Mataifa. Ilipata pia kitu kisichoonekana kwa macho na ambacho hakisherehekewi: haki ya kuitikia hodi, au kutoitikia.

Mlango unafungwa

Afrika Kusini wakati huo ilitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi. Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 waliokuwa wakiandamana huko Sharpeville kupinga sheria ya kuwalazimisha Waafrika kubeba vitambulisho vya kupitia. Tarehe 6 Novemba 1962, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi wanachama zivunje uhusiano na serikali hiyo, zifunge bandari zao kwa meli zake na zizikatalie ndege zake kutua na kupita. Mei 1963, viongozi wa Afrika huru walikutana Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nao wakakubaliana kuzizuia ndege za Afrika Kusini na za Ureno kupita juu ya nchi zao.

Agosti 1963 maneno yakawa vitendo. Nchi za kaskazini mwa Afrika zilifunga anga zao kwa ndege za shirika la Afrika Kusini, na njia ya kale ya kupita juu ya bara ikakatika. Ndege zile zikalazimika kushika bahari ya Atlantiki na kuizunguka Afrika Magharibi, ile sehemu inayotokeza kwenye ramani kama nundu. Nairobi, iliyokuwa kituo chao tangu 1945, ikatoka katika ramani yao. Zilitua katika makoloni ya Ureno, kama Luanda, na katika visiwa vya Atlantiki: Las Palmas, mji wa Hispania, na baadaye Ilha do Sal, katika visiwa vya Cape Verde.

Sasa rudi kwenye tufe lako. Pima kutoka Johannesburg hadi Ilha do Sal: utapata karibu kilomita 7,300. Kutoka hapo hadi London ni karibu kilomita 4,350. Jumla yake ni kilomita 11,650, yaani nyongeza ya zaidi ya 2,500 juu ya ule uzi wa kwanza. Kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa, nyongeza hiyo ni karibu saa tatu, kabla hujahesabu muda wa kutua, kutia mafuta na kuruka tena. Na hii ni hesabu ya nyuzi zilizonyooka. Baada ya Angola kupata uhuru mwaka 1975, ndege ilipaswa kuikwepa nayo pia.

Zingatia jambo lililo muhimu zaidi. Amri hiyo ilizihusu ndege za Afrika Kusini. Ndege za mashirika ya Ulaya ziliendelea kupita juu ya Afrika kati ya miji ileile miwili. Kwa hiyo abiria wawili waliweza kuondoka Johannesburg jioni moja, wote wakienda London, na yule aliyepanda ndege yenye nembo ya Ulaya akafika mapema zaidi. Umbali kati ya viwanja ulikuwa uleule, na injini zilikuwa sawa. Kilichowatofautisha ni bendera iliyochorwa kwenye mkia wa ndege.

Je, kuzungushwa huko kuliuangusha utawala wa ubaguzi? Hapana, si peke yake. Serikali ile ilikuwa na fedha, nayo ilijibu kwa mashine. Mwaka 1976 shirika lake lilipokea ndege aina ya Boeing 747SP, iliyofupishwa mwili ili iruke mbali zaidi. Moja yao, ilipokuwa ikipelekwa kwa wenyewe, iliruka kutoka jimbo la Washington, Marekani, hadi Cape Town, kilomita 16,560, bila kutua. Ndege iliyoweza kufanya hivyo iliweza kuizunguka Afrika bila kumbishia mtu hodi. Hata hivyo mzunguko ulibaki mzunguko. Kwa miaka karibu 28 kila tiketi, kila pipa la mafuta na kila saa ya usiku juu ya Atlantiki viliwakumbusha abiria wale kwamba majirani zao hawakuikubali nyumba yao ilivyokuwa ikiendeshwa.

Jirani mwenye shida

Sitaki uondoke ukidhani kwamba habari hii ni ya mashujaa watupu. Cape Verde ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1975. Iliongozwa na chama kilichopigana na Ureno, na hakuna aliyetilia shaka msimamo wake juu ya ubaguzi. Lakini ilikuwa nchi ya visiwa vikavu, yenye ukame wa mara kwa mara na mali chache. Ada za ndege zilizotua Ilha do Sal zilikuwa miongoni mwa mapato yake makubwa. Serikali mpya iliziruhusu ndege za Afrika Kusini ziendelee kutua, na ikalaumiwa kwa hilo.

Wewe ungefanya nini? Ni rahisi kufunga mlango ambao hukuwa ukipata kitu kupitia kwake. Aliye na watoto wenye njaa ndani huuangalia mlango huo kwa jicho jingine. Simtetei wala simhukumu. Nakuomba tu ukumbuke kwamba azimio linalopitishwa na nchi 30 hulipwa kwa viwango tofauti na kila mmoja wao.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusijisahau. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la ndege tangu mwaka 1946. Mwaka 1977 shirika hilo lilivunjika kwa ugomvi wa fedha na madeni, Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika mwaka huohuo, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam ni kilomita zisizofika 700 kwa njia ya anga. Nchi zilizokuwa bega kwa bega katika kuifungia Afrika Kusini zilifungiana milango zenyewe kwa zaidi ya miaka sita.

Mtu ambaye kiwanja kina jina lake

Tarehe 11 Februari 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani. Milango ya anga ikaanza kufunguliwa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1991 ndege za Afrika Kusini zikapita tena juu ya bara. Uzi ukanyooka. Safari ya London ikarudi kuwa ya kilomita zake.

Kiwanja cha Johannesburg kilikuwa kikiitwa Jan Smuts, kwa jina la waziri mkuu wa zamani. Mwaka 2006 kilipewa jina la Oliver Tambo. Machi 1960, siku chache baada ya mauaji ya Sharpeville, Tambo alitumwa na chama chake cha ANC nje ya nchi ili akaieleze dunia habari za watu wake. Alivuka mpaka kwa gari na kuingia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, kisha akafika Dar es Salaam. Familia yake iliishi London. Yeye mwenyewe alisafiri kati ya miji mikuu ya Afrika na ya dunia akizishawishi serikali zifunge milango yao, ukiwamo mlango wa anga. Alirudi Johannesburg tarehe 13 Desemba 1990, na akafariki Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ambao ungempa haki ya kupiga kura katika nchi yake.

Abiria wa leo hulala London na kuamka kwenye kiwanja chenye jina la Tambo. Kwake ni mwendo wa saa 11. Kwa Tambo mwenyewe, kurudi nyumbani ulikuwa mwendo wa miaka 30.

Nilikuahidi maana tatu za neno mwendo. Ya kwanza ni umbali, nao hupimwa kwa uzi. Ya pili ni muda, nao hutegemea injini. Ya tatu ni tabia, na hiyo ndiyo iliyoamua kwa miaka mingi kama zile mbili za kwanza zingelingana. Usidhani mambo hayo yamepita. Aprili 2023, vita vilipozuka Sudan, anga la nchi hiyo lilifungwa, na ndege kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kutafuta njia nyingine. Siku utakapopanda ndege ukaona kwenye ramani yake kwamba njia inapinda mahali ambapo ingeweza kunyooka, usiulize rubani kwanza. Uliza ni nani anayeishi hapo chini, na ana ugomvi gani na nani.

Maswali ya kutafakari

1. Tunga sentensi tatu, kila moja ikitumia neno "mwendo" kwa maana tofauti.
2. Kwa nini njia ya ndege ya mwaka 1932 ilipita Kisumu na Dodoma ilhali haikuwa njia fupi kuliko zote?
3. Kama ungekuwa waziri wa Cape Verde mwaka 1975, ungeliambia nini bunge lako kuhusu kiwanja cha Ilha do Sal? Andika aya mbili, moja ya kutetea uamuzi na moja ya kuupinga.